Goti la chuma na pikipiki ya selfu: nilivyorudi barabarani

Wiki ya 7 baada ya kuwekewa goti jipya, mke wangu alipokwenda sokoni, niliisukuma pikipiki yangu, Boxer, kutoka stoo nikaikalia. Sikuiwasha. Nilitaka tu kujua kama mguu unakunjika vya kutosha kufika pa kukanyagia. Ukafika! Nikafurahi kama mtoto, nikainua pikipiki kutoka kwenye stendi ya pembeni, ikapita katikati kidogo tu, ikaanza kulalia kulia, upande wa mshono. Mguu uligusa chini vizuri, ila paja halikuwa na nguvu ya kuizuia. Tukaenda chini pamoja, mimi na zaidi ya kilo 100 za pikipiki, tukapokelewa na mgomba. Goti likavimba siku nne.

Nilipompigia simu fizio wangu, mtaalamu anayenisimamia mazoezi ya viungo, alinyamaza kwanza, kisha akauliza: "Mzee wangu, goti lilikunja?"

"Lilikunja."

"Basi ulipima kitu ambacho siyo."

Maneno hayo yalinikera wiki nzima kwa sababu yalikuwa kweli. Kila mtu aliyefanyiwa upasuaji huu atakuuliza umefika nyuzi ngapi za kukunja. Mwendesha pikipiki ana maswali mengine. Je, mguu unaweza kupita juu ya siti? Unaweza kukanyaga breki ghafla? Utakuokoa pikipiki ikiyumba imesimama? Kwenye mwendo, goti halina kazi kubwa, limekaa tu. Shida zote ziko pale pikipiki ilipo tuli au inakaribia kuwa tuli, kwa hiyo mazoezi yangu yote nayaeleza kwa jicho hilo.

Mimi ni mstaafu wa idara ya mifugo, umri miaka 63, naishi Busia upande wa Uganda, mji ambao neno boda boda lilizaliwa enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kutoka mpaka huu hadi ule. Nimeendesha Yamaha AG miaka 26 nikichanja ng'ombe na mbuzi, na watu wa vijijini bado wananiita dokta. Goti langu bovu lilikuwa la kulia, lile lililopiga kiki ya kuwashia pikipiki kila asubuhi. Sisemi kiki ndiyo iliyoliua. Niliwahi kuanguka vibaya kwenye tope, nilikuwa na uzito wa kuzidi, na baba yangu naye alitembea kwa fimbo tangu nikiwa kijana. Gegedu lilikwisha, mifupa ikawa inasagana.

Anachofanya daktari, fundi wa pikipiki angekielewa kabla ya mwalimu. Anakata milimita chache za mwisho wa mfupa wa paja na mwanzo wa muundi, anavika kofia ya chuma juu, sahani ya chuma chini, katikati anaweka kipande cha plastiki ngumu kinachoteleza. Ni kubadilisha bushi. Lakini misuli na kano zinazoshikilia kila kitu ni zako zilezile za zamani, zilizodhoofika kwa miaka ya kuchechemea. Bushi mpya hukaa ndani ya siku moja, misuli inataka miezi.

Kabla ya kisu

Kosa langu la kwanza lilikuwa la sindano. Kliniki moja ilikuwa ikinichoma sindano za kutuliza maumivu ndani ya goti kila nilipolalamika, na ya mwisho nilichomwa nikiwa tayari nimepanga kwenda Kampala. Daktari wa mifupa aliponiuliza nikamwambia ukweli, akafunga faili: rudi baada ya miezi mitatu. Sindano za aina hiyo zikiwa karibu na upasuaji huongeza hatari ya vijidudu kuingia kwenye goti jipya, na kijidudu kikishakaa kwenye chuma kukitoa ni vita. Kwa hiyo kama umeanza hata kulifikiria jambo hili, acha sindano za goti mpaka uongee na atakayekupasua. Ng'oa jino bovu mapema. Kama una sukari au presha, ishushe kwanza.

Ile miezi mitatu ikanifaa. Nilipunguza kilo 6, nikafanya mazoezi ya paja kila siku, nikaandaa nyumba. Seremala alinitengenezea kiti chenye tundu la kuweka juu ya choo cha shimo, maana kuchuchumaa sahau, kwa wengi hakurudi kabisa. Kitanda kikapandishwa kwa matofali. Mikeka na mazulia madogo yakakunjwa. Na kwa akina mama wa Busoga na Buganda wanaosalimia kwa kupiga magoti: waambieni wakwe mapema, msingoje siku ya sherehe. Wengi huweza kupiga magoti baadaye juu ya kitu laini, ila hawapendi hisia yake.

Wiki mbili za mwanzo

Walinisimamisha kesho yake asubuhi. Nilitaka kukataa, kisha nikakumbuka ng'ombe. Ng'ombe akilala chini siku mbili baada ya kuzaa, uzito wake mwenyewe unaiua misuli ya miguu, na hata ugonjwa wa kwanza ukipona hasimami tena. Ni mara ngapi nimewafokea wafugaji, "Mgeuze! Mwinue!" Sasa zamu yangu. Nikashika fremu ya kutembelea, nikaenda hadi dirishani na kurudi huku jasho linanitoka.

Siku hizi, kazi kubwa si kukunja, ni kunyoosha. Weka taulo iliyoviringishwa chini ya kisigino, goti likae hewani, kaza paja ukisukuma goti chini, hesabu hadi tano, legeza. Mara kumi, mara kadhaa kwa siku. Utatamani kuweka mto chini ya goti kwa sababu linapoa pale. Usiweke. Goti hujifunza kukaa limepinda, na mguu usionyooka ni mguu mfupi: ukisimamisha pikipiki hautafika chini sawasawa.

Barafu nilinunua dukani, yale maji yaliyogandishwa kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Izungushie kitambaa, weka dakika 15 hadi 20, mguu ukiwa juu kuliko moyo. Kaveera lilelile likiisha nilikuwa naliweka chini ya kisigino kwenye sakafu ya simenti ili mguu uteleze wakati wa kukunja. Hakuna kifaa cha hospitali kilichonisaidia kama hicho.

Dawa za maumivu meza kwa saa zilizopangwa, usisubiri mpaka upige kelele. Zile kali hufunga choo, kwa hiyo maji mengi na papai. Dawa ya kuzuia damu kuganda usiiruke hata siku moja. Nyuzi za mshono wangu zilitolewa siku ya 13. Usiku hulali vizuri. Kwangu ilikuwa hivyo karibu miezi miwili, na hakuna aliyeniambia kabla.

Safari ya kurudi Busia ni kama kilomita 200. Nilikaa kiti cha nyuma cha gari dogo, mguu umenyooshwa juu ya siti, na tukasimama Namawojjolo, Jinja na Iganga nitembee dakika tano. Wenye kuku wa kuchoma pale Namawojjolo walidhani nimekuja na fremu ya chuma kuwatisha. Kukaa kitako saa nyingi ndiko kunakoalika damu kuganda mguuni. Shavu la mguu likivimba upande mmoja, likiuma na kuwa na joto, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, usiage mtu, nenda.

Kidonda nacho kina ishara zake: kutoa majimaji wakati kilikuwa kimekauka, wekundu unaosambaa, homa, maumivu yanayopanda badala ya kushuka. Hapo usikimbilie duka la dawa kununua antibayotiki. Ukizimeza kabla daktari hajachukua vipimo, kijidudu kinajificha na yeye hatajua anapigana na nani. Majani ya jirani, hata kama yalimponya mbuzi wake, yakae mbali. Goti kuwa la moto na kuvimba jioni baada ya kutembea, hilo ni la kawaida kwa miezi. Kusikia "tak tak" ndani ni chuma na plastiki vikisalimiana. Sehemu ya ngozi pembeni ya kovu kufa ganzi pia ni kawaida; yangu haijaamka mpaka leo.

Chaki sakafuni

Kukunja nilipima kwa chaki. Kaa kwenye kiti kilekile, makalio yasihame, telezesha mguu kuelekea nyuma mpaka ukaze meno, kisha mjukuu achore mstari mbele ya kidole gumba na kuandika tarehe. Kuna siku mstari haukusogea. Kuna siku ulirudi mbele, hasa baada ya kujitia ushujaa jana yake. Sakafu yetu ilijaa mistari kama kiwanja cha mchezo wa watoto, na mke wangu alikatazwa kupiga deki pale.

Kwa vipimo vya fizio nilikuwa nyuzi 94 wiki ya 4, na 112 wiki ya 12. Watu wengi huishia kati ya 110 na 120. Ukiwa bado hujafika 90 wiki ya 6 au ya 7, mwambie daktari aliyekupasua mapema, maana anaweza kukulaza usingizi na kulikunja kwa mikono, na jambo hilo hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Kuendesha Boxer kwangu kunadai kupita 90 kidogo. Kitu kilichonishangaza: kubebwa ni kugumu kuliko kuendesha, kwa sababu pa kukanyagia pa abiria pako juu na nyuma zaidi. Boda ya kwanza niliyopanda kama abiria, wiki ya 10, niliteremka nusu njia nikatembea.

Kazi nne za mguu

Kuanzia wiki ya 8, baada ya aibu ya mgomba, fizio alinipangia mazoezi kwa majina ya pikipiki.

Kazi ya kwanza ni kupita juu ya siti. Simama umeshika nondo za dirisha, inua mguu kwenda pembeni umenyooka, kisha kwenda nyuma ukiwa umekunjwa. Msuli wa nyonga ndio unaobeba kazi hii, si goti. Nilianza na mara 10, nikafika mara 15 kwa awamu tatu. Halafu tukaweka ndoo ndogo, kisha kiti, nikawa napitisha mguu juu yake bila kukigusa.

Ya pili, breki. Breki ya nyuma inakanyagwa na mguu wa kulia, na mguu uliopasuliwa huchelewa hata kama wewe unahisi uko sawa. Nilikaa kwenye kiti, kisigino chini, ndala kuukuu chini ya vidole. Mjukuu wangu anakaa nyuma yangu asionekane, anaongea habari za shule, ghafla anapiga kelele "Breki!" Nakanyaga. Mwanzoni kulikuwa na pengo ambalo yeye mwenyewe alilisikia, akacheka. Wiki ya 13 pengo likaisha. Sambamba na hilo nikaanza kujifunza upya breki ya mkono. Sisi wa barabara za vumbi tumezoea kuiogopa, lakini juu ya lami breki ya mbele ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kusimamisha, na haihitaji goti. Na kama bado unameza tramadol au dawa nyingine kali, suala la breki halipo, hupandi.

Ya tatu ndiyo iliyoniangusha: kuzuia pikipiki isilale. Hapa dawa ni ngazi ya baraza. Panda kwa mguu mpya, shuka mguu mpya ukibaki juu ya ngazi kukushusha taratibu, taratibu sana, kwa sababu kushuka ndiko kunakojenga breki ya paja. Kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika mikono. Kusimama kwa mguu mmoja huku meno yanapigwa mswaki, kwanza umeshika ukuta, baadaye umeuachia. Nilijiwekea sharti: sekunde 30 kwa mguu mpya bila kushika kitu, ndipo niiguse Boxer. Nilifika wiki ya 15. Mvua za Machi hadi Mei zilinichelewesha, maana ua wetu ni tope tupu na raba ya fimbo ilikuwa imelika. Nikaikatia raba mpya kutoka tairi kuukuu.

Ya nne ni kiki. Nitakuwa mfupi: kama goti lako la kulia ndilo jipya, achana nayo. Kiki ikirudisha, inakupiga mguu ukiwa umenyooka na uzito wote juu yake. Niliuza ile AG iliyoniheshimisha miaka yote, nikabaki na Boxer yenye selfu, ya kuwasha kwa kitufe. Betri ikifa, vijana wa steji ya boda wanakuja kuisukuma. Wanaponiona tu wanauliza, "Dokta, tumpe mgonjwa sindano?"

Wenye goti jipya la kushoto, hesabu yenu inageuka. Kiki haiwahusu sana, ila gia iko huko, stendi ya pembeni iko huko, mnausimamia mguu huo wakati wa kupanda, na mkisimama njiani huo ndio unaotua chini huku wa kulia ukibaki kwenye breki. Kazi ya tatu kwenu izidishwe mara mbili.

Kupanda, kusimama, kushuka

Daktari aliniambia gari baada ya wiki 6, pikipiki si kabla ya miezi mitatu, na nimwonyeshe mguu kwanza. Nilipanda wiki ya 17. Boxer ilikuwa kwenye stendi ya kati, imetulia wima, imeegeshwa sambamba na ngazi ya baraza. Nikasimama juu ya ngazi upande wa kushoto, hivyo siti ikawa chini kwangu. Mkono wa kulia umeshika breki ya mbele. Nikainama mbele kuelekea tangi, nikakunja mguu, nikaupitisha nyuma. Keria nilikuwa nimeifungua. Kijana mmoja wa steji alikwama kisigino kwenye keria akiwa na miguu yake miwili mizima, mimi ni nani?

Egesha pua ikiangalia unakokwenda. Kurudisha pikipiki nyuma kwa kusukuma na miguu ukiwa umeikalia kunalisokota goti kuliko kitu chochote kingine katika kuendesha. Ukilazimika, shuka uisukume kwa mikono, au ita mtu.

Kusimama ndiko kunakotaka akili. Hapa tunaendesha kushoto, na ukingo wa barabara huteremka kushoto, kwa hiyo ukisimama pembeni kabisa mguu wa kushoto unatafuta ardhi haupati, unajirusha kulia kujiokoa, na kulia ndiko kwenye goti. Mimi nachagua pa kusimama mita 20 kabla: pasawa, pasipo kokoto, pasipo mchanga uliomwagwa na lori. Usipaone, endelea mbele. Abiria anayekupungia atangoja.

Safari ya kwanza ilikuwa kuzunguka uwanja wa shule Jumapili, dakika 10. Wiki nzima dakika 10. Kisha nusu saa, nikisimama kunyoosha mguu. Jioni ya kila safari niliangalia uvimbe: ukiwa umeisha asubuhi, niliongeza, ukiwa bado upo, nilipumzika siku mbili. Mwezi wa 6 baada ya upasuaji nilikwenda Majanji, ziwani, kwa lami ya Lumino, nikarudi na sangara amefungwa kwenye karatasi.

Hatari yenyewe si mtetemeko wala matuta. Kinachowatia hofu madaktari ni kuanguka. Mfupa ulioshika chuma ukivunjika, kuuunga ni kazi ngumu kuliko mfupa wa kawaida, na hiyo ni operesheni nyingine ndefu. Kwa hiyo sipandi mvua ikinyesha, sipandi usiku, sibebi watu wawili, na njia za tope za kijijini nimewaachia vijana. Navaa kinga ya goti ya plastiki juu ya suruali, buti badala ya ndala, na helmeti iliyofungwa kidevuni, siyo ile ya kuning'inia kwenye mkono wa usukani. Tafiti zilizokusanywa na kuchapishwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba magoti kama 8 kati ya 10 hudumu miaka 25. Nikifikisha hiyo nitakuwa na miaka 88, na nataka goti nililolilipia kwa ng'ombe wanne na akiba ya sako, chama chetu cha kuweka na kukopa, lifike huko nami.

Jambo dogo la mwisho kuhusu mjini: askari wa milango ya maduka makubwa Kampala, kile kifaa chao kitalia ukikipitisha gotini. Usibishane, vuta suruali wakione kovu.

Na ile kiki ya Boxer nilimwambia fundi aifungue kabisa siku ileile nilipoanza kuendesha, kwa sababu najijua. Asubuhi selfu ikisita, mguu wa kulia bado unaitafuta wenyewe. Iko mahali fulani ndani ya nyumba hii. Mke wangu anajua ilipo, mimi sijaambiwa.